Sebule imebaki 1998, na wakwe wanakuja Maulidi

Assalaam aleikum Shangazi,

Ninakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Nyumba yetu ni ya mawe, mume wangu aliirithi kwa babake, na mimi niliingia humu mwaka 1998 nikiwa biarusi. Sebule ilipambwa mwaka huo kwa ajili yangu. Tangu hapo kilichobadilika ni runinga tu.

Nikuchoree ilivyo. Chumba ni kirefu na chembamba kama ushoroba. Nimekipima: urefu mita 6.2, upana mita 2.8. Kuta zote nne ni rangi ya mafuta ya waridi, ile ya kung'aa. Makochi ni seti ya watu saba, mbao nene na velveti ya kahawia yenye maua. Ukikaa kwenye lile la watu watatu unazama mpaka magoti yanakaribia kidevu, na mabaka yake nimeyafunika kwa vitambaa vya kufuma. Kabati la televisheni limekula ukuta mzima wa mwisho, na ndani yake mna vikombe vya harusi yangu ambavyo havijawahi kutiwa chai. Chini kuna kapeti ya plastiki yenye mchoro wa vigae. Mapazia ni mazito, mawili mawili, na juu, baina ya boriti, kuna taa moja ndefu ya tyubu. Mgeni akija jioni uso wake humo ndani huwa kama wa mtu aliyetoka hospitali.

Shida kubwa ni ukuta wa upande wa kichochoro. Babamkwe, Mungu amrehemu, aliukwangua chokaa akaupiga plasta ya simiti muda mfupi kabla ya harusi yetu, aone fahari. Sasa kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kiuno rangi imevimba kama malengelenge. Ukiibonyeza inavunjika na kumwaga unga mweupe, na unga wenyewe ni chumvi, nimeuonja. Nimeupaka upya mara tatu, na kila mara mwaka haumaliziki kabla ya malengelenge kurudi. Tena kwenye pembe, juu karibu na dari, kuna baka la rangi ya chai linalozidi kukua. Chumba kinanuka kisima.

Nina shilingi 85,000 nilizopokea zamu yangu ya chama. Na hapa ndipo nyumba ilipogawanyika. Binti yangu wa kwanza, aliyerudi kutoka masomoni Mombasa, ananionyesha picha kwenye simu: dari ya jipsamu yenye taa za buluu, kuta za kijivu, kochi la umbo la L. Fundi wa jipsamu ameshakuja, ametaja 38,000. Mume wangu amezungumza na duka moja Mombasa, kochi la L ni 95,000, na watakubali kulipwa kidogo kidogo. Mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye, hataki waridi iguswe kwa sababu marehemu ndiye aliyeichagua. Pia kuna kiti chake cha mbao cha kizamani chenye ukili uliochakaa, ambacho binti anataka kitolewe kabisa.

Haraka yetu ni hii: binti ameposwa, na wakwe zake wa Malindi watakuja Lamu kwa Maulidi, walale kwetu. Zimebaki wiki tisa.

Jambo la mwisho, huenda si muhimu. Juma lililopita herini yangu ilianguka nyuma ya kabati la televisheni. Tulipolivuta, watu wanne, tukakuta zidaka mbili ukutani, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Kimoja ki wazi, kina utando wa buibui na kichupa cha wino. Cha pili kimezibwa kwa simiti. Sikuwahi kujua viko hapo, na mavyaa anasema alikuwa amevisahau.

Nianzie wapi, Shangazi? Nikope nifikishe kochi, au nianze na jipsamu?

Mama wa Langoni

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Huo mstari wa herini ndio nilioanza kuujibu kichwani kabla sijamaliza barua. Unayo sebule iliyojengwa na mtu aliyejua kazi yake, kisha ikafunikwa: ukuta kwa simiti, zidaka kwa kabati, sakafu kwa plastiki, madirisha kwa velveti. Pesa zako nyingi zitatumika kufunua. Jipsamu na kochi la L ni vifuniko viwili vingine, na ndiyo maana nitavikataa vyote viwili, hata binti akinuna.

Ila kwanza ukuta, kwa sababu ukikosea hapo, kila utakachoweka mbele yake kitanuka kisima hichohicho.

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina matundu, hunywa maji kutoka chini, na ndani yake lina chumvi ya bahari. Hilo wazee walilijua. Chokaa nayo ina matundu, kwa hiyo maji yaliyopanda hupita yakatoka hewani na ukuta ukakauka wenyewe. Simiti na rangi ya mafuta ni kama kumvika mtu koti la mvua akiwa anatoka jasho. Maji hayana pa kutokea, chumvi inakusanyika nyuma ya rangi, inaganda, inavimba, inasukuma. Hayo malengelenge yako ni chumvi inayotafuta mlango. Kwa hiyo mara zote tatu ulizopaka upya, rangi haikuwa mbovu na fundi huenda hakukuibia.

Nacheka kwa uchungu, maana mimi nilipaka mara nne. Nyumba yangu ya kwanza Malindi, nyuma ya msikiti, ilikuwa na ukuta wa namna hiyo, na fundi mmoja akaniuzia rangi "ya kuzuia maji" kwa bei ya mbuzi. Ilizuia kweli. Maji yakapanda juu zaidi, yakatokea chumbani kwa watoto.

Sasa tazama, una magonjwa mawili. Unyevu wa mpaka kiunoni unatoka chini. Lile baka la chai pembeni juu halitoki chini, maji hayapandi yakaruka katikati. Panda ghorofani uone kilichoko juu ya pembe hiyo. Kama ni choo, bomba au tangi, hapo pana kitu kinachovuja, na hakuna fundi wa rangi anayekitibu. Kama ni paa, angalia maji ya mvua yanaelekea wapi. Hilo lizibwe kabla ya jingine lolote, hata kama litakula sehemu ya akiba. Ukiwa na shaka kama pembe hiyo ni uvujaji au ni hewa nzito tu ya chumba kilichofungwa, bandika kipande cha karatasi ya nailoni ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wako, chumba kinakosa hewa.

Kabla mwashi hajagusa tindo, pita ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa hapo mjini. Mji wa kale wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuta za nyumba kama yako si za kubomolewa kimya kimya. Usiende ukiogopa. Unarudisha chokaa mahali pake, sidhani kuna atakayekununia kwa hilo, na waulize papo hapo ni mwashi gani anayejua chokaa. Mwashi anayejua matofali na simiti peke yake atakwambia "tutachanganya simiti kidogo ipate nguvu". Mshukuru, mpe chai, aende.

Mwashi wa kweli ataanza na kipande cha nusu mita, nyuma ya mlango. Atabandua simiti kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi. Ikitoka kwa urahisi, endelea mpaka sentimita 30 hivi juu ya pale malengelenge yanapoishia. Ikiwa imeng'ang'ana mpaka inatoka na jiwe, simama, kwa sababu jiwe lina thamani kuliko plasta. Rangi ya mafuta ya zamani wakati mwingine ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo ikwanguliwe ikiwa imelowanishwa, watoto wadogo wakae kwa jirani, na takataka zizolewe siku hiyohiyo.

Kisha uuache ukuta uchi. Hapa ndipo utakapogombana na watu wote wa nyumba, maana utaonekana mbaya kuliko ulivyokuwa. Uache wiki tatu, madirisha wazi. Chumvi itachipuka juu ya mawe kama ukungu wa mkate. Ifagie kwa brashi kavu, uizoe uitupe nje. Usiioshe: ukiipa maji inayeyuka, inarudi ndani, inakungoja.

Baada ya hapo ndipo chokaa. Iwe imelazwa majini kabla, ichanganywe na mchanga uliooshwa, mchanga wa ufuoni usikanyage hapo. Ukuta unalowanishwa kwanza, plasta inapigwa tabaka jembamba, inaachwa, kisha jingine. Chokaa huunguza macho na ngozi, mwashi avae glavu, nawe usimruhusu mtoto achezee pipa. Mwisho ni kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano. Siku ya kwanza utanipigia simu kulalamika, najua, maana ukipaka huoni kitu, ukuta unaonekana umelowa maji tu. Nenda kalale. Asubuhi utaukuta mweupe, na weupe wake si ule wa rangi ya dukani, una kama kina ndani yake. Nikiuona huwa natamani kuugusa.

Kuta nyingine tatu, ikiwa ni kavu, ziache na plasta yake. Huna pesa za kufufua nyumba nzima, na wakwe hawaji kukagua ujenzi. Zisuguliwe kwa msasa mpaka mng'ao uishe, zipigwe andakoti, kisha rangi ya maji nyeupe iliyotiwa maziwa kidogo, ifanane na ule ukuta wa chokaa. Usijaribu kupaka chokaa juu ya rangi ya mafuta, haitashika.

Jipsamu. Mwanangu, dari yako ni boriti za mikoko zilizobeba mawe na chokaa, mzigo mzito sana. Boriti ikioza au ikiingia mchwa, unatakiwa uione mapema: ufa, unga unaodondoka, boriti inayopinda. Ukiifunika kwa jipsamu huoni kitu mpaka siku dari imekuja yenyewe. Tena jipsamu na unyevu hawapatani, bao hulowa, likavimba, likawa na madoa, na una uvujaji juu ya pembe! Hizo 38,000 zina kazi nyingine. Mpe kijana brashi na chokaa, apake nafasi baina ya boriti ziwe nyeupe, boriti zenyewe zifutwe vumbi na kuachwa na weusi wake. Dari itapanda juu machoni mwako.

Boriti hizohizo ndizo zitakazomjibu mume wako kuhusu kochi. Chumba chako kina upana wa mita 2.8 kwa sababu huo ndio urefu ambao boriti ya mkoko inabeba mzigo bila kupinda, na vyumba vya mawe vya pwani vyote vimetoka humo. Kochi la L limebuniwa kwa ajili ya vyumba vya mraba. Likiwa na kina cha mita moja, unabaki na mita 1.8, toa meza, toa miguu ya watu, na anayepeleka sinia itabidi atembee upande kama kaa. Na hujaliingiza ndani bado. Kichochoro chenu kina upana gani? Mlango wa mbele ukifunguliwa mbao zote mbili unapitisha nini? Duka limetaja 95,000 kochi likiwa Mombasa. Ongeza lori mpaka Mokowe, upande wa bara, ongeza mashua, ongeza mahamali kutoka gatini, kisha lifike mlangoni ligome kupita. Nimeshuhudia kochi likilala barazani juma zima, paka wamezalia humo. Mume wako mwambie kwa upole, mwonyeshe futi.

Makochi yako ya zamani yana heri. Mbao nene ya miaka hiyo ni nadra siku hizi. Yageuze miguu juu. Ukiona matundu madogo na unga mwembamba chini yake, hilo limeliwa, litoke. Likiwa zima, litikise: likilia, gundi na misumari ya fundi vinatosha. Chukua lile la watatu na la wawili, yale mawili ya mtu mmoja mpe mdogo wako au uyauze, chumba kipumue. Fundi wa makochi avue velveti yote, abadilishe mikanda ya chini iliyolegea, ndiyo inayokuzamisha, na atie sponji ngumu. Usinunue sponji kwa macho: iweke sakafuni, ikalie, uhesabu mpaka mia. Ukiisikia sakafu, irudishe. Kitambaa kiwe pamba nzito ya rangi moja, mchanga au buluu iliyofifia, kishonwe kama foronya ya kuvulika, kifuliwe. Velveti katika joto la Lamu ni adhabu tuliyojipa wenyewe miaka ile, sijui nani alitushauri. Yapangwe yakifuata urefu wa chumba, njia ibaki upande mmoja tu.

Upande wa pili, mbele yao, usiweke viti. Weka godoro jembamba chini, mkeka, na mito, wageni wa Maulidi watakaa wanane pale ambapo viti viwili vingekaa watu wawili. Usiku ndipo watakapolala vijana. Wazee wa Lamu walipoita chumba sabule walikusudia chumba cha mgeni, na chako kitarudi kazini.

Kapeti ya plastiki iondolewe siku ya kwanza, nayo pia inafungia unyevu. Inua pembe moja sasa hivi utazame. Nyumba nyingi zilizotengenezwa miaka hiyo chini yake mna sakafu ya simiti nyekundu iliyosuguliwa. Kama ni hiyo, sugua kwa brashi na sabuni, ikauke, ipigwe nta, umeokoa pesa za vigae. Juu yake mkeka wa ukindu, mrefu. Usitandike mpaka ufike ukutani, acha kiganja kimoja kila upande hewa ipite.

Kabati, jasho linanitoka nikifikiria. Liuze. Likikosa mnunuzi, seremala alikate, sehemu ya chini itakuwa meza fupi ya runinga, kioo na mbao za juu zitapata kazi. Vikombe vya harusi toa sita, uvitumie, kila siku, mpaka vivunjike.

Mapazia ya velveti yafuate velveti ya makochi. Shona ya pamba nyepesi, uyatundike juu zaidi ya dirisha, kusi na kaskazi ziingie, ukuta wako wa chokaa unazihitaji kuliko wewe.

Taa. Hiyo tyubu ndiyo iliyowatia wageni ugonjwa. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni, akague na soketi zilizo kwenye ukuta wenye maji, hilo si la mzaha. Kisha taa tatu ndogo badala ya moja: moja pembeni mwa kochi, moja karibu na mlango, moja chini ya kidaka. Kwenye boksi la balbu tafuta namba 2700K au 3000K, huo ndio mwanga wa manjano kama wa taa ya chemni. Ukiona 6500K, huo ndio wa hospitali.

Pesa uzigawe hivi, na hii ni mipaka yangu, bei utazipata kwa mafundi wako: ukuta na rangi 30,000. Makochi 25,000. Mapazia, mkeka, godoro na mito 12,000. Umeme na taa 8,000. Hizo 10,000 zinazobaki usimwambie mtu, ni za baka la juu. Makochi yaende kwa fundi wiki ukuta unapokwanguliwa, yatasalimika na vumbi, na fundi atapata muda. Wiki ya saba upake chokaa, ya nane urudishe vitu. Ya tisa ni ya mahamri.

Sasa mavyaa wako, maana hapo ndipo pagumu kuliko chumvi. Usimwambie rangi ya marehemu ni mbaya. Kwangua kipande kidogo cha waridi mahali ambapo ukuta ni mkavu, mpe fundi rangi ailinganishe. Kuta ziwe nyeupe, na ndani ya zidaka, ndani tu, papakwe waridi ile ile, ya maji, isiyong'aa. Nyeupe pembeni, waridi ndani, taa ya manjano chini yake. Zamani walipanga humo vyombo vya China, wewe panga vikombe vyako vya harusi vilivyobaki na kichupa cha wino. Mwambie Bi mkubwa mapema, kabla fundi hajaja, tena mwambie mkiwa peke yenu, mume na binti wasiwepo. Mwulize yeye wino ulikuwa wa nani.

Na kiti chake hakitoki. Ukili uliochakaa unasukwa upya, hiyo ni kazi ya siku chache kwa msusi hodari. Kiwekwe peke yake, karibu na zidaka, pasipo na kitu kingine cha kushindana nacho. Binti ndiye atakayekipiga picha wa kwanza, nakuhakikishia, na akiituma Malindi atasema kilikuwa wazo lake. Mwachie.

Kile kidaka kilichozibwa kifunguliwe mwisho wa kazi ya kukwangua, kwa tindo ndogo, kuanzia juu, na mavyaa awepo amekaa karibu. Huenda ni jiwe tupu, mwashi alikizibia ufa. Ukikuta kitu, niandikie.

Shangazi